Tumbo la Polikarpi

Kabla sijakiona kituo nilisikia watu wakicheua. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, sikuweza kuona hata ncha za viatu vyangu vipya, na mahali fulani mbele yangu, juu kidogo, mtu alicheua kwa sauti nene, mwingine akamjibu, wa tatu akasema, "Yesu na Maria, kiungulia hiki kitaniua." Nilisimama njiani na sanduku langu kichwani nikidhani nimepotea. Kumbe nimefika. Ilikuwa siku ya kliniki ya matumbo, na wagonjwa walikuwa wamejipanga barazani wakimsubiri nesi mgeni.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ushauri wa lishe, katika kituo cha afya cha misheni milimani juu ya Matombo. Nawaandikia ninyi mnaoianza kazi hii leo, mnaopima uzito kwa mizani inayosema na kutafuta majibu kwenye simu. Sina neno baya juu ya simu zenu. Nataka tu mjue kazi ilivyokuwa ilipofanywa kwa masikio.

Msimamizi wetu alikuwa mtawa wa makamo ambaye sote tulimwita Sista Mfawidhi. Aliniona nikitoka kwenye ukungu, nimelowa, nikaanza kumwamkia.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, Sista."

"Basi kale kwanza. Mwenye njaa hawezi kumsikiliza mwenye kiungulia."

Nilipewa uji wa ulezi na ndizi ya kuchemsha, kisha nikaketi pembeni yake nimtazame. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba aliyeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Sista akamuuliza amekula nini tangu jana.

"Sijala kitu, Sista."

"Kitu kabisa?"

"Kabisa. Ugali haupiti."

"Shambani ulipita?"

"Nilipita."

"Njiani ulitafuna nini?"

"Aa, hiyo nayo ni kula? Fenesi tu. Na kipande cha muhogo mbichi. Na muwa, kutoa ukavu mdomoni."

"Fenesi kiasi gani?"

"Lile dogo. Nusu yake."

Baraza zima likacheka, na bibi mwenyewe akacheka mpaka gesi ikampunguka. Nilijifunza siku hiyo kwamba kwetu kula ni kula ugali, wali au ndizi za kupikwa. Mengine yote ni kupitisha muda, na hayo ndiyo yanayolijaza tumbo upepo. Tangu hapo sikumuuliza mtu amekula nini. Nilimuuliza amepita wapi.

Jambo la pili Sista alinifundisha tukiwa tunafunga madirisha jioni. "Usimwambie mtu aache," alisema. "Ukimwambia aache, unamwachia nafasi tupu, naye ataijaza na kitu kibaya zaidi. Mwambie ale nini." Kwa hiyo hatukumwambia mwenye kiungulia aache pilipili na chai ya rangi. Tulimwambia ale mapema, jua likiwa bado lipo, na aweke matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, ili uchachu wa tumbo usipande kooni akilala. Mwenye gesi tulimwambia aloweke maharage usiku, amwage yale maji, achemshe kwa maji mapya. Mwenye choo kigumu tulimpa papai, mboga za majani na kikombe cha maji kila anapopita mtungini. Wajawazito tuliwapa vidonge vya madini chuma, vya kuongeza damu, na hapo ndipo kulikuwa na vita, maana vidonge vile hufanya choo kiwe cheusi na akina mama walivitupa kwenye migomba wakisema vinaunguza utumbo. Tukaanza kuwaambia kabla hawajaondoka: "Kesho utaona cheusi. Ukiona cheusi, ujue dawa imefika." Wakavimeza.

Nilikuwa nimeizoea kazi, na wengine wameanza kuniita mama, siku walipomleta Polikarpi.

Polikarpi Mloka alilima ndizi na mdalasini kwenye mteremko juu ya kanisa. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa na sahani kubwa. Mkewe alifariki mapema na hawakujaliwa watoto, lakini hilo halikumfanya mkiwa, kwa sababu kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Watoto wa dada yake Bernadeta walikuwa watoto wake. Hakuna aliyebarikiwa kwenda shule wala kuolewa bila mkono wa Polikarpi kichwani.

Kidonda cha tumbo alichokificha kwa miaka kilitoboka akiwa shambani. Vijana walimteremsha kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali kubwa, na daktari wa upasuaji akaondoa sehemu kubwa ya tumbo ili kumwokoa. Aliporudi, suruali ilifungwa kwa kamba, na akakabidhiwa kwangu.

Mimi na yeye tulikuwa watani. Ukoo wake na ukoo wangu walikuwa wakizikana tangu zamani, na mtani kwetu ana ruhusa ambayo hata padri hana. Anaweza kukutukana msibani, kukunyang'anya tonge mkononi, kuingia kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka, na ni marufuku kumkasirikia.

"Mtani," nilimwambia alipoketi mbele yangu, "nasikia wamekupunguza tumbo. Afadhali. Kijiji kitapata cha kula."

"Na wewe walitaka kukupunguza ulimi," akajibu kwa sauti ndogo, "panga likavunjika."

Kisha nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi. Tumbo ni ghala. Linapokea chakula kwa wingi na kukitoa kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo. Ghala likiondolewa, chakula kinamwagikia utumbo kwa mkupuo, hasa kikiwa kitamu au kikiwa na maji mengi, na mtu anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, macho yanaingia giza, anaanguka. Sisi tuliita kumwagika. Mwenye hali hiyo hatakiwi kula mara mbili kwa siku kama wenzake. Anakula kidogo kidogo, mara kwa mara, anatafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Hanywi akiwa anakula. Anakaa mbali na soda, na togwa, na chai ya sukari. Kila mlo uwe na chochote cha kujenga mwili: dagaa, yai, maharage yaliyopondwa. Tena, kwa kuwa tumbo lililopunguzwa halisaidii tena mwili kupata vitamini ya kutengeneza damu, achomwe sindano ya vitamini hiyo maisha yake yote, na madini chuma ameze kwa maji ya chungwa, asimeze kwa chai.

"Maisha yangu yote?" aliuliza.

"Maisha yako yote. Kwani ulikuwa na safari?"

Nilimpa bakuli dogo la bati kuwa kipimo chake. Alilishika kama katekisimu. Alikula kwa bakuli lile asubuhi, katikati ya asubuhi, mchana, alasiri, jioni, na kabla ya kulala. Mwili ukarudi. Sikumbuki mgonjwa aliyenitii kama Polikarpi, na kwa muda mrefu nilimtaja kwa wengine kama mfano.

Halafu ikaja komunyo ya kwanza ya binti mdogo wa Bernadeta. Masinia ya wali na nyama ya mbuzi yaliwekwa kwenye mikeka, wanaume wakazunguka, na Polikarpi, mjomba, mwenye siku, akafungua mfuko wake akatoa bakuli lenye ndizi zilizopondwa na dagaa, alizopika mwenyewe nyumbani.

Pakawa kimya. Ninyi mliokulia mjini huenda msielewe kimya kile. Milimani kwetu mtu anayekuja na chakula chake kwenye shughuli anasema jambo moja tu: nawaogopa. Nadhani mtanitilia kitu. Bernadeta alikuwa amesimama na upawa mkononi, na nikaona uso wake ukiporomoka, ingawa yeye alijua habari za tumbo la kaka yake. Alijua, lakini watu wote walikuwa wanatazama.

Niliruka pale nilipokuwa na wanawake. Nikalipokonya bakuli.

"Mtazameni mchoyo huyu!" nikapiga kelele. "Kumbe ameficha kitamu, wenzake anawaachia mifupa!" Nikachota, nikatia mdomoni, nikakunja uso. "Loo! Chakula cha kuku!"

Watu wakaangua kicheko. Nikachukua kipande cha nyama laini kwenye sinia, nikakiponda kwa vidole mbele ya wote, nikakitia bakulini na kumrudishia. "Kula, kuku wangu. Utage."

Akala. Bernadeta akacheka huku akijifuta macho na khanga. Shughuli ikaendelea.

Tangu siku ile, hilo likawa sehemu ya kazi yangu, ingawa hamtaikuta kwenye mwongozo wowote. Kila penye arusi, ubatizo au msiba katika ukoo wao, nilipanda. Nililinyang'anya bakuli, nikalitukana, nikalionja, na kwa kuwa mimi nimeonja na kucheka, hakuna aliyeweza kusema Polikarpi anaogopa. Maelezo ya kitaalamu tulikuwa tumeyatoa, mimi na Sista, mara nyingi. Wazee walitusikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza, "Tumbo gani linachagua sufuria?" Hatukuwa na jibu lililokuwa na nguvu kama kicheko.

Baadaye nilihamishiwa mjini Morogoro, chini ya Afisa Lishe, mwanamume mrefu, mpole, aliyevaa kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Mjini nilikuta matumbo mengine: matumbo ya kukaa kutwa nzima, ya chipsi za jioni, ya soda badala ya maji. Pia nilikuta makopo. Vijana waliovaa tai walipita nyumba kwa nyumba wakiuza virutubisho, unga wa kusafisha utumbo, vidonge vya nyuzinyuzi, maji ya mshubiri kwenye chupa za dhahabu. Wagonjwa walikuja kliniki wameyabeba ndani ya vikapu.

Afisa Lishe hakuwafokea. Alilishika kopo, akalisoma nyuma na mbele, akamuuliza mwenye nalo: "Hiki ni nyongeza. Tuanze na sufuria. Kinaongezwa juu ya nini?" Akiambiwa kilichomo sufuriani, ndipo anazungumzia kopo. Alinifundisha kwamba nyongeza zipo za lazima, kama sindano za Polikarpi, na zipo za matumaini, na kwamba matumaini ya mtu hayatupwi dirishani. Yanawekwa mezani, yanasomwa pamoja naye.

Polikarpi alishuka mjini kila ilipofika siku ya sindano. Tulitaniana, nikampima, akanipa mdalasini uliofungwa kwa jani la mgomba, akarudi. Siku moja alikuja bila kutania.

Kasiani, mtoto mkubwa wa Bernadeta, aliyekuwa na duka Mkuyuni sokoni, alikuwa amemnunulia kopo la unga wa lishe. Alikuwa amejinyima ili mjomba wake anenepe. Polikarpi alikoroga kikombe, akanywa mbele yake ili kumfurahisha. Unga ulikuwa umejaa sukari. Kabla hajamaliza, jasho lilimtoka, akaanguka palepale dukani. Alipozinduka alikataa kuunywa tena.

"Akasemaje Kasiani?" niliuliza.

"Aliniuliza kama hata kopo lililofungwa kiwandani naliogopa likipita mkononi mwake."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ni sukari. Akasema, 'Sukari watoto wananyonya, mjomba. Sukari itakudhuru wewe?'"

Nilimwita Kasiani mjini mara mbili. Hakuja. Nikampigia simu, nikamweleza kumwagika ni nini. "Nimekuelewa, mama," alisema. "Asante sana, mama." Ilikuwa ile sauti ya mtu anayesubiri umalize.

Nilistaafu nikarudi nyumbani kwangu Bigwa, na magoti yangu, ambayo milima ilikuwa imeyatumia vya kutosha, yakastaafu pamoja nami. Sikupanda tena kwenye shughuli za ukoo wao. Polikarpi alikwenda na bakuli lake bila mtani wa kulitukana.

Kisha Bernadeta akafariki. Aliugua kwa muda mfupi, homa na tumbo, akaondoka. Nilikodi bodaboda, nikapanda hivyo hivyo nikishikilia magoti. Baada ya maziko chakula kikaletwa, ugali na maharage, na nilimwona Polikarpi ameketi pembeni ya ukuta, macho mekundu, bakuli mapajani. Watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja.

Nikafanya kazi yangu. Nikaenda nikalipokonya. "Hata leo uchoyo?" nikasema. "Dada yako anakuona kutoka huko aliko, kuku wewe!"

Hakuna aliyecheka.

Kasiani akasimama. Alikuwa amenyoa kichwa. "Mama, shikamoo," alisema. "Tunakuheshimu. Lakini leo utani hatuutaki."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtani akiambiwa hivyo kwenye msiba. Hata wazee waliinamisha macho.

"Mama yangu alikufa kwa tumbo," aliendelea, na sauti ikamkatika. "Mjomba amekataa kula kwenye sufuria ya mama miaka yote. Alijua nini? Kama anajua kitu, aseme. Kama hajui, ale kama watu."

Nilielewa hapo jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani bakuli lilisema Polikarpi anawaogopa. Sasa, Bernadeta akiwa ardhini, lilisema alikuwa na sababu. Nilieleza tena, kwa sauti, mbele ya wote: ghala, utumbo, sukari, sindano. Nilieleza vizuri kuliko nilivyopata kueleza kliniki. Polikarpi akala ndizi zake, taratibu, akitafuna kama nilivyomfundisha, na machozi yakimdondokea bakulini.

Walipoanua matanga, mjomba hakuitwa kusema neno. Watoto wadogo walikatazwa kuinamisha kichwa mbele yake wapate baraka.

Sasa nina muda mwingi wa kuwaza. Majirani huniletea matumbo yao mpaka barazani, nami huwauliza wamepita wapi, na wengi hupona, maana tumbo ni kiungo chenye shukrani ukikisikiliza. Nikiulizwa kama kazi hii ina faida, husema ina faida. Nimeona watoto waliokunjamana wakinyooka. Lakini nalijua jambo moja ambalo Sista Mfawidhi na Afisa Lishe hawakunifundisha, pengine kwa sababu nao liliwauma. Chakula cha mgonjwa tunakipima kwa vijiko, wakati mgonjwa anakula na watu. Nilimpa Polikarpi ushauri ulio sahihi. Nikirudi kesho barazani kwa Sista, na Polikarpi akaketishwa mbele yangu, nitampa ule ule, kwa sababu hakuna mwingine. Hiyo ndiyo huzuni yangu: sina kosa la kutubu.

Alikuja Bigwa baada ya mavuno ya mdalasini. Nilimkaribisha ndani, nikamletea ndizi zilizopondwa. Hakuzigusa.

"Nahamia nyumbani kwa marehemu dada yangu," alisema. "Kasiani amekubali. Wajukuu wapo wengi, nyumba ina kelele. Nitakula sinia moja nao."

"Utaanguka, mtani."

"Nimeshaanguka. Nimezoea. Najilaza, inapita."

"Haipiti. Utapungua. Kila kumwagika kukikushika, chakula kinakwenda bure. Kula kwenye sinia lao, sawa, lakini matonge machache, utoke, urudi baadaye."

"Nilijaribu." Akatabasamu. "Kasiani anautazama mkono wangu. Anataka nishibe. Kwake yeye, anayewaamini wenzake ndiye anayeshiba."

"Basi nipe mwezi mmoja nije nikae nao. Nitapanda hata kwa kubebwa."

"Uje uwaambie nini ambacho hukusema?"

Nikamsihi juu ya sindano. Alisema sindano ataendelea kuchoma, kwa kuwa haina mtu inayemtukana, na nikamshukuru kwa hilo, nikajua pia kwamba haitatosha.

"Ni muda gani?" aliuliza. "Nikila kama watu."

"Siwezi kukwambia, mtani. Si mrefu kama ukila kama wewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. "Juzi mdogo kabisa alikuja akainamisha kichwa mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyemtuma. Nilikuwa nimetoka kula nao. Nilikuwa natetemeka mwili mzima, jasho linanitoka, mkono siwezi hata kuuinua vizuri. Nikauweka kichwani pake." Akautazama ule mkono. "Kichwa cha mtoto kina joto, mtani. Nilikuwa nimesahau."

Nikatafuta tusi. Ilikuwa zamu yangu, na mtani hanyamazi. "Ukifa," nikasema, "nitaingia kaburini kwanza, na sitatoka."

"Ulale upande basi. Usinibane."

Tukacheka, yeye kidogo, mimi zaidi ya ilivyopasa. Nikaanza kuinuka nimsindikize mpaka barabarani, kama ilivyo desturi, akanishika bega akanirudisha kitini.

"Kaa, mtani. Magoti yako."

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake kwa mikono miwili, polepole, mpaka kitasa kikalia.